Mfuko Mmoja wa Saruji

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hiyo ni ya watu wa bahari ya chumvi, lakini maana yake imefika hadi bara, kwenye maji baridi ya Ziwa Viktoria, ambako nako watu huondoka makwao wakidhani kwamba siku ya kurejea itawangoja.

Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 8 Oktoba, 2022, mama mmoja, mchuuzi wa karanga, alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake mjini Tororo, mashariki ya Uganda. Kando yake alisimama binti yake wa miaka 11, amevaa gauni lake la kanisani. Baina yao ulikuwa umelazwa mfuko wa saruji wa kilo 50, umefungwa mara mbili kwa nailoni na kukazwa kwa kamba ya katani. Mvua fupi zilikuwa zimeanza. Katika nchi za kaskazini mwezi wa Oktoba ndio mwezi wa majani kupukutika. Katika nchi hii ndio mwezi wa kuchungulia mawingu kabla ya kuanika chochote, na saruji ikishalowana haina tena faida kwa mtu.

Mama huyo hakuzaliwa Tororo. Alizaliwa Bunyala, ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Kenya, pale mto Nzoia unapomwaga maji yake ziwani. Aliolewa na fundi seremala, Mjapadhola wa Tororo, na kwa miaka mingi hakuiona safari ya kwao kuwa ni safari ya nchi za nje. Mtu alipanda gari asubuhi, akavuka Busia, na kabla ya jua kuchwa alikuwa amekwisha kupokelewa kibuyu cha maji na mama yake mzazi.

Mwezi wa Machi, 2020, ulipozuka ugonjwa wa korona, mpaka ukafungwa kwa wasafiri. Wiki ya pili ya Aprili simu ikalia usiku. Mama yake alikuwa amefariki dunia kwa maradhi ya moyo. Serikali ya Kenya ilikuwa imeagiza kwamba mazishi yahudhuriwe na watu wasiozidi 15, na hao 15 walipatikana bila yeye. Alizikiwa mama yake kwa simu, akisikiliza udongo ukianguka, huku ameketi juu ya kinu kilichofudikizwa jikoni kwake Tororo. Hakutia hata konzi moja ya udongo.

Mipaka ilifunguliwa tena Oktoba ya mwaka ule, lakini kwa masharti ya vyeti vya kupimwa, ambavyo bei yake ilimshinda. Mtaji wa karanga ulikuwa umekwisha liwa na watoto waliokaa nyumbani bila shule. Ndipo akaanza upya, kidogo kidogo, kama kina mama wengi walivyoanza. Alitenga kopo moja la maziwa, akalitoboa juu, na kila siku ya gulio akatumbukiza humo kiasi kisichoweza kuonewa wivu na mkate wala chumvi. Kopo lilipojaa alinunua mfuko wa saruji.

Majirani walimcheka kwa upole. Je, Kenya hakuna saruji? Iko, tena tele. Lakini Tororo ni mji wa saruji tangu miaka ya 1950, na mama huyo alikuwa na hoja yake, ambayo alimweleza binti yake jioni moja walipokuwa wakichambua karanga: "Kukhu wako ndiye aliyeniruhusu kuja Tororo, wakati ndugu zake wote walisema ni mbali. Kwa hiyo kaburi lake nitalifunika kwa kitu cha Tororo, ili ajue kwamba sikupotea."

Kukhu ndilo neno la Wanyala kwa bibi. Ni mojawapo ya maneno machache ya Kinyala aliyoyajua mtoto yule. Kwa baba yake alisema Kidhopadhola, shuleni alisema Kiingereza, na sokoni aliokota Kiswahili. Lugha ya mama yake ilikuwa imebaki kuwa lugha ya simu.

Sababu iliyowafanya waondoke Jumamosi ile, wala si mwezi wa Desemba kama ilivyokuwa imepangwa, ilikuwa moja. Tarehe 20 Septemba serikali ya Uganda ilikuwa imetangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umeingia wilaya ya Mubende. Mubende ni mbali na Tororo, upande wa pili wa Kampala. Hata hivyo yule mama alikuwa amekwisha jifunza kwamba mlango unaofungwa haupigi hodi kwanza. "Tutakwenda sasa," alimwambia mumewe, na mumewe, ambaye siku zote ni mtu wa maneno machache, alikwenda kuutia mfuko kamba.

Gari dogo la abiria liliondoka Tororo likiwa limejaa. Siku iliyofuata Uganda ilikuwa inatimiza miaka 60 ya uhuru wake, na vibendera vya nyeusi, njano na nyekundu vilikuwa vimefungwa kwenye nguzo za maduka. Lile jabali la Tororo, ambalo husimama peke yake juu ya mji kama mzee asiyetaka kuketi, lilikuwa limejifunika ukungu hadi mabegani. Mtoto aliligeukia mpaka lilipotoweka. Hakuwa amepata kwenda mahali ambapo jabali lile halionekani.

"Mama, bibi alipata kuliona?"

"Mara mbili. Ulipozaliwa, na ulipobatizwa. Alisema ni kubwa mno kwa mji mdogo hivi."

Busia waliifikia jua lilipokuwa limepanda. Busia ni mji mmoja wenye jina moja na serikali mbili. Mstari wa mpaka unapita katikati yake, na watu wa huku na wa kule ni Wasamia, Waiteso, Wanyala na wengineo, ambao huoana, huzikana na kudaiana. Ni hapa, kama inavyosimuliwa, ndipo lilipozaliwa neno bodaboda katika miaka ya 1960, kutokana na vijana wa baiskeli waliobeba abiria kutoka kizuizi kimoja hadi cha pili huku wakitaja kwa Kiingereza neno la mpaka, mara mbili mbili. Leo neno hilo limeenea Afrika Mashariki nzima, na baiskeli zimekuwa pikipiki.

Wazee wa huku wanajua kwamba mstari huo nao una umri wake. Kabla ya mwaka 1902 nchi yote hii, hadi Naivasha, ilihesabiwa kuwa ni Uganda. Mwaka huo Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Watu wa Bunyala walihamishwa nchi bila hata mmoja wao kubeba mkeka. Na tangu hapo milango imekuwa ikifungwa na kufunguliwa kwa sababu zisizotoka Bunyala: Desemba 1987, askari wa pande mbili waliporushiana risasi hapa Busia, na tena Machi 2020, kwa ajili ya korona.

Tangu Februari 2018, walipokifungua rasmi marais wa nchi zote mbili, pana kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo maofisa wa Uganda na wa Kenya hukaa chini ya paa moja, na msafiri hukaguliwa mara moja tu. Asubuhi ile palikuwa na ndoo za maji na sabuni, na vijana wenye barakoa walioelekeza vipimajoto kwenye paji la uso la kila apitaye. Mtoto alifumba macho akidhani kitauma. Mama naye aliyafumba ya kwake, kwa sababu nyingine. Alikuwa ameamka na mafua.

"Pita, mama," alisema yule kijana. "Uko salama."

Dirishani alitoa kitambulisho chake cha taifa, ambacho tangu mwaka 2014 humtosha Mganda kuingia Kenya. Kwa mtoto alitoa cheti cha kuzaliwa, na barua ya baba yake yenye namba ya simu na muhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Ofisa aliyekuwa zamu aliisoma barua hadi mwisho, akampigia simu baba mtu, akauliza maswali mawili, kisha akamtazama mtoto.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kwa bibi."

"Bibi yako anaitwa nani?"

Mtoto alitaja jina zima, kama alivyofundishwa. Mama yake alimgeukia dirisha ili asionekane uso. Ofisa aliwagongea muhuri mtoto na mama yake karatasi ya kupitia, akawatakia safari njema.

Mfuko wa saruji ulipita kwa urahisi kuliko wenyewe. Bidhaa zilizotengenezwa Afrika Mashariki, ambazo thamani yake haizidi dola 2,000, zina utaratibu mwepesi wa karatasi moja kwa wafanyabiashara wadogo. Mtu wa forodha alimwuliza kama anauza. Alijibu kwamba anajengea kaburi la mama yake. Mtu yule hakuandika neno. Alimwita mchukuzi mwenye kigari, akamwambia auinue taratibu, upande wenye mshono uwe juu.

Kina mama wanaokusudia kuvuka na watoto wao wangefanya vema kukumbuka mambo hayo mawili: cheti cha kuzaliwa, na barua ya mzazi asiyekuwapo. Karatasi hizo hazina uzito, na asiyekuwa nazo hurudishwa njiani pamoja na mizigo yake yote.

Wabadili fedha walisimama upande wa Kenya, kila mmoja na mafungu yake mkononi. Shilingi moja ya Kenya ilibadilishwa kwa zaidi ya 30 za Uganda, na bahasha nene aliyotoka nayo Tororo ikarudi nyembamba kama barua. Mtoto alisikitika akidhani wamepunjwa. Mama alihesabu mara mbili, akazigawa katika mafungu matatu: ya kwenda, ya kurudi, na ya neno lisilotazamiwa. Fungu la kurudi alilifunga kwenye ncha ya kanga, ambako halifikiwi bila ya kukusudia.

Matatu ya kwenda Port Victoria ilipita Matayos na Funyula, katikati ya mashamba ya mihogo na mtama, mpaka vilima vya Samia vikaanza kuinuka. Katika vilima hivyo wafua chuma wa Kisamia waliyeyusha mawe ya chuma kwa karne nyingi, wakafua majembe yaliyouzwa mbali na kutolewa mahari. Mama alikuwa amesikia habari hizo kwa mama yake, aliyesema kwamba nyanya yake yeye aliolewa kwa majembe. Alimwonyesha binti yake vilima. Binti aliuliza ni majembe mangapi. Basi hapo mama alitambua kwamba hakupata kuuliza, na kwamba hakuna tena wa kumwuliza.

Ghafla ziwa likatokea. Lilikuja kwanza kama kipande cha bati baina ya vilima viwili, kisha likafunguka lote. Ghuba iliyo mbele ya Sio Port na Port Victoria huoneana na ufuko wa Majanji, upande wa Uganda, hata mtu akiwa na macho mazuri atadhani anaweza kuitikiwa salamu. Mtoto hakusema kitu. Alishika mkono wa mama yake akaubana.

Port Victoria ni mji mdogo wenye jina la malkia. Zamani, mwaka 1892, wapimaji wa reli ya kutoka Mombasa walifikiri kuifikisha hapa. Baadaye shauri likageuzwa, na gari la moshi likafika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Pakabaki samaki. Siku ile mwezi ulikuwa karibu kutimia, na katika usiku wa mbalamwezi samaki wadogo hawafuati taa za wavuvi. Kwa hiyo mashua nyingi zilikuwa zimevutwa pwani na nyavu zimeanikwa. Wanawake walikuwa wakiuza akiba ya siku zilizopita. Samaki yule yule wa kidole kimoja Wakenya humwita omena, Waganda humwita mukene, na Watanzania dagaa. Mtoto alimtambua mara moja.

"Mukene!" alisema.

"Omena," alisema muuza samaki, akacheka, akamwongezea kikombe kimoja bila malipo kwa ajili ya lile jina.

Mjomba wake mtoto alikuwa akiwangoja kivulini mwa duka. Walikumbatiana ndugu wale wawili, wakaamkiana kwa Kinyala, salamu ndefu, ya watu na ya mifugo. Mtoto alipiga goti akamwamkia mjomba wake, naye akambariki kichwani. Kisha mjomba akauona mfuko.

"Hii ni nini, dada?"

"Saruji. Ya mama."

Mjomba aliinama akagusa kamba, kama mtu anayekagua fundo. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajiwa na fundo. "Tule kwanza," alisema.

Walikula ugali kwa ngege. Mjomba aliuliza habari za shule, za shemeji yake, na za bei ya petroli Tororo. Hakusema juu ya kaburi. Dada mtu aliliona jambo hilo, lakini akaliweka kando ya sahani, pamoja na miiba.

Kwa barabara, nyumba yao ya sasa ilitaka kuzungukwa kupitia daraja la Ruambwa. Kwa maji ilikuwa karibu. Mashua ya mota ilikuwa ikichukua abiria kumi na wawili, magunia ya unga, na mbuzi mmoja aliyefungwa miguu. Nahodha aliwagawia jaketi za kuokolea maisha, na ile ya mtoto akaikaza mwenyewe. Mfuko wa saruji akauweka katikati kabisa, chini ya turubai, maana uzito ukikaa upande mmoja chombo hulalia huko. Alitazama mawingu. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu ukaenda ziwani, na alasiri hugeuka ukaja pwani na mawimbi yake. Ilikuwa saa nane unusu, na upepo ulikuwa umekwisha geuka.

Waliondoka wakiambaa na ufuko, mafunjo yakiwa kushoto na maji wazi kulia. Mawimbi yalipiga ubavu wa mashua na kurusha maji ndani. Mama aliondoa kanga yake ya mabegani akaitandika juu ya turubai, kisha akajilaza juu ya mfuko kama kuku juu ya mayai. Mtoto alipewa kopo la kuchotea maji ya ndani, naye akachota kwa bidii, akihesabu kwa Kiingereza. Abiria walitulia kimya. Ziwa lile lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na hakuna mtu wa pale asiyejua nyumba moja lililoifanya yatima.

Walipopita mdomo wa Nzoia maji yakabadilika rangi, yakawa ya udongo, na mawimbi yakapungua. Ndipo mjomba akasogea karibu na dada yake.

"Dada," alisema, "nilikusudia kukuambia kwa simu. Nikashindwa."

Alinyosha mkono. Mbele yao, kwenye uwanja mpana wa maji yaliyotulia, ulisimama mwembe mkavu usio na jani hata moja, na ndege weupe wametua juu yake. Zaidi ya hapo yalionekana mafunjo machanga, na kona ya paa la bati iliyoshika kutu.

Mama aliutazama mwembe. Aliujua. Tawi lake la chini lilikuwa na alama ya kamba ya bembea.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda kuliko watu walio hai walivyopata kuona, hata kufikia kile kipimo cha mwaka 1964 ambacho wazee walikuwa wakikisimulia. Mapema mwezi wa Mei mto Nzoia nao ukavunja kingo zake. Maji ya mto yalikuja kwa nyuma na ya ziwa yakaja kwa mbele, na vijiji vya chini vya Bunyala vikabaki katikati. Bibi alikuwa amezikwa wiki tatu tu. Udongo wa kaburi ulikuwa haujashikana. Watu waliokoa watoto, mbuzi na sufuria. Hakuna aliyeweza kuokoa kaburi. Maji yalipungua baadaye mahali pengi, lakini pale hayakuondoka.

"Nyuma ya mwembe, hatua sita," alisema mjomba. "Napajua. Kila nikipita napunguza mota."

Kweli nahodha alikuwa amekwisha ipunguza, bila kuambiwa.

"Mlinizikia mama kwa simu," alisema dada mtu, sauti yake ikiwa chini kwa sababu ya abiria. "Kisha mkanificha kwamba amezikwa tena. Mara mbili, mdogo wangu. Mara mbili mmenifanya mgeni."

Mjomba hakujitetea. Machozi yalimtoka mbele ya watu, naye akayaacha.

Mtoto aliacha kuchota maji. Alitazama mwembe, akatazama mfuko, akamtazama mama yake, na akaelewa bila kufafanuliwa. Alifungua kifurushi chake cha karanga, alizokuwa ameagizwa ampelekee kila mtu wa nyumbani kwa sehemu yake. Alichota sehemu ya bibi akaiachia majini taratibu. Ndipo mama naye akainama, akatia mkono ziwani mpaka kwenye kiwiko. Maji pale hayakuwa na kina kirefu. Alichomoa mkono umejaa tope la chini, tope jeusi la shamba la kwao, akalirudisha mahali pake kwa neno moja la Kinyala. Alikuwa ametia udongo wake.

Nyumba mpya ilikuwa juu ya kipande cha nchi kilichoinuka kidogo, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mashua ilipotia nanga. Ilikuwa ya miti na udongo, bati juu, vyumba viwili. Wifi yake alitoka mbio akiwa na unga mikononi. Watoto watano walimpokea binamu yao, wakamvuta huku na huku, na muda si muda akasikika akisema nao kwa lugha isiyo ya yeyote miongoni mwao, ila walielewana.

Jioni, mbele ya moto, ndipo lilipozungumzwa suala la mfuko. Mjomba alitoa shauri kwamba uwekwe darini mpaka maji yatakapoondoka. Siku hiyo ikifika kaburi litajengwa kama alivyotaka dada yake. Lilikuwa shauri la heshima, na wifi aliitikia kwa kichwa.

Mama alikaa kimya. Ameishi Tororo miaka mingi, na hata watoto wa Tororo wanajua tabia ya saruji. Mahali pa unyevu haikai miezi mingi. Hushika hewa ya maji kidogo kidogo, ikawa mabonge, kisha ikawa jiwe ndani ya mfuko wake. Jiwe hilo halijengi kitu. Saruji haingoji.

Alikuwa ameona jambo jingine tangu alipoingia. Chumba walimolala watoto kilikuwa na sakafu ya udongo mbichi, kwa kuwa unyevu wa chini haukukubali kukauka. Mtoto mdogo wa wifi yake alikuwa na kikohozi, na yule wa pili alikuwa akikanyaga kwa kisigino kwa ajili ya funza waliomwingia vidoleni. Wifi hakuwa amelalamika. Kila asubuhi alipiga sakafu kwa samadi na majivu, kama mama mkwe wake alivyomfundisha, na kila jioni ilikuwa imelowa tena. Kwenye pembe ya chumba hicho lilikuwa limewekwa jiwe la kusagia la bibi. Ndilo lililookolewa katika mafuriko, wifi akilibeba kichwani na maji yakiwa kifuani.

"Sakafu ya chumba cha watoto inataka toroli ngapi za mchanga?" aliuliza mama.

Mjomba alishtuka. "Dada, hiyo ni ya kaburi la mama."

"Mama hana kaburi la kufunika. Ana wajukuu wanaolala majini. Ungemwuliza yeye angesema nini?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu wote waliijua sauti ambayo ingejibu, na maneno ambayo ingetumia. Wifi alijifunika uso kwa upande wa kanga. Hatimaye mjomba akasema kwamba toroli mbili zingetosha, na kwamba mchanga upo, tena wa bure, maana kitu ambacho ziwa halikuwanyima ni mchanga.

Usiku ule mwezi ulikuwa karibu mpevu. Mama na binti yake walilala kwenye mkeka kando ya jiwe la kusagia. Kutoka pale mlangoni maji yalionekana yaking'aa, na mwembe mkavu katikati yake.

"Mama, kwa hiyo bibi hatajua kwamba hukupotea?"

"Anajua," alisema mama. "Lala."

Asubuhi ya Jumapili, siku Uganda ilipokuwa ikisherehekea uhuru wake, sakafu ilimwagwa na kusawazishwa kwa ubao. Mama alisubiri ianze kushika, akaaga, akapanda mashua ya mchana.

Jumamosi iliyofuata serikali ya Uganda ilizifunga wilaya za Mubende na Kassanda. Tororo watu walianza kunong'ona juu ya mpaka. Safari hiyo Busia haikufungwa, na tarehe 11 Januari, 2023, ilitangazwa kwamba Ebola imekwisha. Lakini yule mama hakungoja tangazo hilo. Kopo la maziwa lilikuwa limerudishwa mahali pake tangu wiki ile ile, na mwezi wa Desemba alivuka tena na binti yake, mkono wake mmoja ukiwa na cheti cha kuzaliwa na wa pili ukiwa na kifurushi cha karanga. Hakuwa na mfuko wowote. Alikwenda kuwaona walio hai, na kuwauliza wazee waliobakia ni majembe mangapi.